Mtu Aliyeshuka na Msumeno Wangu

Mke wangu hapendi niisimulie habari hii. Anasema jambo likisemwa sana huota masikio. Lakini watu wananiuliza habari za mkono wangu wa kushoto, nami nimechoka kuwadanganya. Leo nitakwambia kama ilivyokuwa. Sikuwa nimelewa, tangu nioe sijagusa pombe. Sikuwa na homa. Haikutokea makaburini wala usiku wa manane. Ilikuwa mchana, nyumbani kwangu, hapa Lubumbashi, na siku ile nilikuwa na furaha ambayo sikumbuki kama nimewahi kuwa nayo tena. Nadhani hiyo furaha ndiyo iliyonifumba macho.

Mimi ni seremala. Baba yangu alitoka kaskazini ya Katanga kuja kufanya kazi ya reli, na alitaka nami nishike reli, lakini mikono yangu ilipenda mbao. Tunakaa mtaa wa Annexe, kule mwisho kabisa wa mji, ambako nyumba zinachanganyika na mashamba ya mahindi na lami haijafika. Nyuma ya nyumba nilijenga karakana: kuta za matofali, paa la mabati, mlango mpana. Humo natengeneza milango, vitanda na makabati. Miaka yote nilipasua mbao kwa mkono. Kama umewahi kupasua ubao wa mulombwa, ule mti mgumu wa kwetu, kwa msumeno wa mkono toka mwanzo hadi mwisho, unajua mgongo unavyosema jioni. Kazi ikinizidi, nilikuwa nazipakia mbao kwenye pusipusi, nasukuma hadi mjini kwa mtu mwenye mashine, nashinda pale nikingoja zamu yangu.

Basi nikaagiza wa kwangu. Msumeno wa meza, mpya, ule ambao duara la meno linachomoza katikati ya meza ya chuma, nawe unasukuma ubao tu, unapasuka kama mkate. Shemeji yangu anafanya biashara ya mpakani. Alinitafutia upande wa Zambia, akaupitishia mpakani Mokambo, akaniambia nikae tayari. Nikafagia karakana. Nikasakafu kwa saruji mahali ambapo ungesimama. Majirani walikuwa wananicheka, wanasema namngojea bibi harusi.

Siku ulipofika, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Kwetu hilo si habari. Mchana mawingu yalishuka, mvua ikaanza, na katika mvua hiyo nikasikia lori linahangaika kwenye matope ya njia yetu.

Dereva nilimfahamu. Ni Papa Ilunga, anayembebea shemeji mizigo tangu zamani. Alikuwa na mwenzake Kasongo, mtu mzima mwenye ndevu, ndiye anayelinda mali njiani. Hao wawili walishuka mbele. Wa tatu alitoka nyuma, chini ya turubai, pale lilipokuwa kasha la msumeno.

Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa koti refu la kahawia lililofungwa vifungo hadi shingoni. Uso wake ulikuwaje? Hapo ndipo ninaposhindwa. Nikipewa kalamu nitakuchorea vifungo vya lile koti kimoja kimoja. Uso siupati. Na niliutazama.

Tukalishika kasha, kila mtu kona yake. Ilunga na Kasongo mbele, mimi na yule mtu nyuma. Lilikuwa zito, Kasongo anaguna kila hatua. Lakini kona ya yule mtu ilikuwa inapanda juu, kasha linainama, uzito wote unanimwagikia mimi.

“Ndugu,” nikamwambia, “shusha kidogo upande wako.”

Akashusha. Wala hakuhema.

Tulipoliweka ndani, Papa Ilunga hakutaka hata kukaa. “Papa, mimi naenda,” akaniambia, “hii njia itanifungia hapa, nitalala na nyie.” Akanishika mkono, akakimbilia lori, Kasongo nyuma yake. Yule mtu hakutoka. Alibaki amesimama kando ya kasha, ametuliza mikono. Ilunga hakumwita. Mimi nikawaza, kumbe huyu ni fundi wa kule ulikonunuliwa, wamemtuma aje auunge. Mashine kubwa namna ile huja vipande vipande. Je, wewe ungewaza nini?

Nikaingia nyumbani kuchukua nondo ya kufungulia kasha. Mtoto wetu alikuwa amelala. Alikuwa na homa kidogo tangu jana yake. Ni binti, na ni mmoja tu. Tulimngoja kwa miaka, tukazika wawili kabla yake. Mke wangu Godelive alikuwa pembeni yake, anachambua maharagwe.

“Ile mashine imefika?” akaniuliza kwa sauti ndogo.

“Imefika. Kuko na fundi, bamemutuma kuiunga.”

“Basi umuulize kama atakunywa chai.”

Niliporudi, kasha lilikuwa limekwisha kufunguliwa. Mbao zake zimeegemezwa ukutani vizuri, na misumari yote imepangwa juu ya tofali. Sikuwa nimekawia. Nikaokota msumari mmoja. Ulikuwa umenyooka. Nikaokota mwingine, umenyooka. Niamini mimi, nimeng'oa misumari maisha yangu yote: msumari uliong'olewa hupinda, hata kidogo. Ile ilikuwa kama imetoka dukani. Na pale hapakuwa na nyundo wala koleo. Vyombo vyangu vilikuwa vinaning'inia ukutani kama nilivyoviacha.

Nikasema moyoni, huyu ni fundi kweli. Unaona furaha inavyompumbaza mtu?

“Fundi, utakunywa chai?”

“Sikunywaka,” akajibu.

Sauti yake ilikuwa ya chini, kavu, na alisema Kiswahili cha kwetu sawasawa. Akaanza kuiunga ile meza. Mguu mmoja, wa pili, anakaza kwa vidole. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, maji yananidondoka kwenye nywele, shati limenigandia mgongoni, na ndipo nilipoona kwamba koti lake lilikuwa kavu. Tulibeba kasha pamoja, chini ya mvua ileile. Nikajiambia labda ni kitambaa kisichopitisha maji. Lakini hata viatu vyake havikuwa na tope.

Bado sikuogopa. Nilihisi tu baridi kwenye shingo.

“Umetoka Mokambo?” nikamuuliza, ili kuwe na mazungumzo.

“Mbali kupita pale.” Kisha akauliza, macho yake yako kwenye kazi: “Humu munyumba muko bangapi?”

“Tuko batatu. Mimi, bibi, na mutoto.”

“Mutoto moya?”

“Moya tu. Mungu alitupatia huyo.”

Nilimjibu hivyohivyo, kama unavyomjibu mgeni yeyote. Kila mara nikikumbuka, natamani ulimi wangu ungekatika pale.

Akaweka lile duara la meno mahali pake. Akapitisha kidole juu ya meno, polepole, akizunguka nalo.

“Iko na njaa,” akasema.

“Nani?”

“Mashine.”

Nilicheka kidogo. Sisi maseremala tunasemaga hivyo, kwamba msumeno una njaa, randa imeshiba. Lakini yeye hakucheka.

“Mashine mupya inapashwa kujua damu ya mwenyewe,” akasema. “Kama haiijue, itaitafuta yenyewe munyumba.”

“Fundi, mambo gani hayo? Tutaijaribu na mbao, umeme ukirudi.”

“Haiombe umeme.”

Akabonyeza kitufe, na duara likaanza kuzunguka.

Nataka unielewe vizuri hapa. Waya wa ile mashine nilikuwa nimeushika mimi. Ulikuwa bado umeviringishwa, umefungwa kwa uzi wa kiwandani, na kichwa chake kiko kwenye kiganja changu. Nyumba nzima haikuwa na umeme, mtaa mzima haukuwa na umeme. Na duara lilikuwa linazunguka mbele yangu mpaka meno hayaonekani. Halikulia kama mashine. Lilitoa sauti ndogo, kama mtu anayepuliza chai ya moto.

  Nilitaka kukimbia, nilitaka kupiga kelele, nikabaki nimeshika ule waya kama mjinga.

Ndipo akaita jina la mtoto wangu.

Sikuwa nimemtajia. Akalisema jina lake la ubatizo, lote, kisha lile la kufupisha ambalo mimi peke yangu ninamwitia. Sitalitaja hapa, na utaelewa kwa nini. Hakupaza sauti. Mvua ilikuwa inapiga mabati, hata mimi niliyesimama karibu nililisikia kwa shida. Lakini mle ndani, kitandani, mtoto alilisikia.

Alitokea mlango wa jikoni akiwa na gauni lake la kulalia, miguu wazi. Akaja katikati ya uwanja bila haraka. Macho yake yalikuwa wazi na maji ya mvua yanaingia ndani yake, wala hapepesi. Nikamwita. Hakugeuka. Akaingia karakana, akanipita kama unavyopita nguzo.

Nikamkamata mkono. Mimi ni mtu wa kubeba magogo, na mtoto yule ni mwepesi, namnyanyua kwa mkono mmoja. Siku ile sikuweza kumsimamisha. Ilikuwa kama kuzuia behewa la treni linaloteremka. Nilikuwa namvuta, na visigino vyangu vinaburuzwa kwenye saruji niliyoisakafu mwenyewe.

Yule mtu alikuwa amesimama upande wa pili wa meza. Alinyoosha mkono juu ya duara linalozunguka, kiganja kikitazama juu, kama unavyomnyooshea mtoto mkono avuke kijito. Na kwa mara ya kwanza nikakiona kiganja chake. Hakikuwa na mstari hata mmoja. Vidole havikuwa na kucha. Vilikuwa laini tupu, kama mpini uliopigwa msasa.

Mtoto akanyanyua mkono wake wa kuume kumpa.

Nilianza Baba Yetu nikapotea katikati. Nikarukia Salamu Maria, nayo ikapotea. Kichwani mwangu lilibaki neno moja alilolisema yeye mwenyewe: damu ya mwenyewe. Mwenyewe wa mashine ni nani, si mimi? Nikamwachia mtoto mkono, nikapita mbele yake, nikasema, “Mwenyewe ni mimi.” Na nikauweka mkono wangu wa kushoto juu ya lile duara.

Unauliza kama iliuma? Haikuuma. Nilihisi baridi tu, ile baridi ya chuma asubuhi ya Juni, mwezi wetu wa baridi, inayopanda hadi begani. Duara likasimama palepale.

Yule mtu akanitazama. Nasema alinitazama, ingawa siwezi kukwambia kwa macho ya namna gani.

“Haikukuwa weye,” akasema, kama mtu aliyesikitika kidogo. “Lakini imekula.”

Akapita mlangoni, akatembea polepole kwenye mvua, akaingia shamba la mahindi nyuma ya nyumba yetu. Mahindi yalikuwa yamekomaa, yamesongamana. Hayakutikisika.

Mtoto akaanguka chini akilia, kilio cha kawaida cha mtoto aliyeamshwa ghafla, na sijawahi kusikia sauti tamu kama ile. Godelive akatoka jikoni anakimbia. Alikuwa ametoka kando ya kitanda kwenda kuwasha moto wa chai, ameinamia jiko akipuliza, hakumwona mtoto akipita nyuma yake. Akamkumbatia, kisha akatazama mkono wangu.

Kidole kidogo na kile kinachofuata vilikuwa havipo. Hapakuwa na damu. Si juu ya meza, si kwenye meno, si chini. Tulivitafuta vile vidole, tukasogeza kila kitu, hatukuviona hadi leo.

Godelive aliufunga mkono wangu kwa kipande cha kitenge, akasimamisha pikipiki, tukaenda kwenye zahanati, mtoto katikati yetu.  Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Akakifungua kile kitenge, akanigeuza mkono mara kadhaa kwenye mwanga wa dirisha.

“Papa,” akasema, “unataka nifanye nini? Hii kidonda iko ya zamani. Ilipona tangu miaka.”

Mke wangu akamwambia imekatika leo, sasa hivi. Daktari akamtazama yeye, akanitazama mimi, akaanza kutuuliza kwa upole kama tunalala vizuri. Ndiyo maana huwaambia watu kwamba nilikatika zamani, nilipokuwa kijana. Kovu linanisaidia kudanganya.

Papa Ilunga aliporudi kutoka safari nyingine, nilimfuata alikoegesha. Nikamuuliza yule fundi wa koti la kahawia alimtoa wapi.

Akashangaa. “Fundi gani? Yule si ndugu yako?”

“Ndugu yangu vipi?”

“Papa, pale Mokambo tulipokuwa tunafunga turubai, alikuya akasema: niko ndugu ya mwenye mashine, nitaenda nayo. Akataja jina yako. Akataja mpaka ya mutoto. Sasa nitamukataza juu ya nini? Nilivyoona anabakia kwako, niliwaza amefika kwao.”

Mimi nilidhani ni wao, wao walidhani ni wangu. Kasongo, aliyekuwa anasikiliza, akaongeza kwamba njiani walisimama kula, wakampelekea mtu wa nyuma bukari yake, ndiyo ugali wetu. Walipofika Lubumbashi, sahani ilikuwa pale chini ya turubai vilevile, haijaguswa, lakini ugali umeshaota ukungu kama wa wiki nzima.  Kasongo akajifuta uso, akaenda.

Lililonimaliza kabisa ni la jirani yangu, Baba Ramazani. Ni fundi cherehani, babu zake walitoka Maniema, mtu wa swala tano asiyependa maneno ya ovyo. Siku ile alikuwa anashona barazani kwake, anatazama njia. Jioni moja alinivuta kando.

“Jirani, sikupenda kukuuliza. Siku muliingiza ile kasha, mulikuwa batatu. Wewe na bale ba lori.”

“Wanne,” nikamwambia.

“Hapana. Niliachaga hata kushona, nikatazama. Mulikuwa batatu. Kona ya ine, ile yenye haikuwa na mutu, ilikuwa inaenda mu hewa yenyewe, tena juu kuliko zenu. Nilisoma aya zangu, nikaingia ndani, nikafunga mulango.”

Tulimwita padri. Akabariki nyumba, akamwekea mtoto mikono, akaizunguka ile mashine, kisha akatuomba tuiondoe. Hakuna aliyekubali kuichukua nzima. Tuliifungua, tukawapa watu wanaoyeyusha vyuma, tukasubiri hadi tukaona kila kipande kimeingia motoni. Haikuwahi kupasua hata ubao mmoja. Kitu pekee ilichokata ni mimi. Nimerudi kwenye msumeno wa mkono, na vidole vitatu vimejifunza kushika ubao.

Mtoto homa ilimwisha siku ileile. Anakula, anasoma, anacheza kamba na wenzake. Hakumbuki chochote, au anasema hivyo. Lakini kwa jina lake hatuwezi tena kumwita. Tulijaribu. Ukilisema, hata kwa sauti ya kawaida mezani, anaweka kijiko chini, anasimama, anaanza kutembea kuelekea mashamba ya mahindi, macho wazi. Siku moja sokoni mama mmoja alimwita binti yake mwenye jina hilohilo, na wangu akaachia mkono wa Godelive akaondoka. Tulimkuta mbali, nje ya soko, bado anatembea. Tangu hapo, nyumbani, shuleni na kanisani, tunamwita kwa jina la bibi yake mzaa mama, na kila anayemfahamu tumemwomba ashike hilo tu. Lori likisimama njiani kwetu, hata la jirani, mimi naacha kazi, naingia ndani, namshika mkono, simwachii mpaka nisikie limeondoka.

Wewe unayenisikiliza, pengine unangojea mzigo. Friji, mashine ya kushonea, godoro, sijui. Nakuombea mzigo ufike salama. Lakini watu wakishauweka chini, kabla dereva hajapanda, mwite, umwonyeshe kila aliyeubeba, na umuulize mbele yao: huyu ni wako? Usione haya. Mtu akikuuliza mko wangapi ndani, mwambie mko wengi, basi. Sisi si watu wa kufukuza wageni, na mgeni akaribishwe. Ila mgeni ambaye kila mtu anadhani amekuja na mwenzake, huyo hakuja na yeyote, na kitu anachokitafuta anakijua kwa jina.